Bia ya msimu wa baridi, tafadhali msiipige barafu

Julai ya Nairobi mnaijua. Wingu limekaa chini siku nne mfululizo, manyunyu hayaishi, nguo kwa kamba hazikauki, na ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu pale stegi amekunja mikono ndani ya jaketi. Wakikuyu wana jina lake kabisa, gathano. Watu wa nje wakisikia tuko karibu na ikweta wanadhani ni joto mwaka mzima, hawajui huu mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari na kuna usiku wa Julai baridi inashuka hadi nyuzi 10 hivi.

Sasa Ijumaa moja ya baridi hiyo rafiki yangu akanipigia, akasema kuna kiwanda kidogo cha bia za krafti kimetoa ale (aina moja ya bia) ya msimu, inapikwa kwa miezi ya baridi peke yake na ikiisha imeisha mpaka mwaka ujao. Mimi napenda bia, sio kulewa, napenda bia yenyewe, vile inatengenezwa na vile inaonja, kwa hivyo nikaacha gari nyumbani nikapanda matatu nikaenda.

Weita akaleta chupa inatiririka jasho, na glasi akaitoa kwa friza ikiwa na barafu nyeupe pande zote. Kwa nia nzuri kabisa, najua. Akamimina. Nikaonja. Hakuna kitu jamani, maji meusi na uchungu kidogo wa kitu kilichoungua, basi. Rafiki yangu akaangalia bei, mia sita chupa, akanyamaza.

Tukaingia kwa stori zingine, nikawa nimeshika glasi kwa viganja viwili vile unashika kikombe cha chai, nusu saa hivi ikapita bila mimi kufikiria bia. Nilipoinua tena, harufu ikanifikia kabla ya mdomo. Sukari guru ikiyeyuka kwa sufuria. Ganda la mkate uliokolea. Nikanywa polepole, zabibu kavu zikaja, mdalasini, halafu karafuu kwa mbali sana, na ilipopita kooni ikaacha joto hapa kifuani, kwa sababu ni bia ya asilimia 7, sio ile 4.2 ya Tusker tuliyozoea. Nikamwambia rafiki yangu hebu onja tena. Akaonja, akaniangalia, akaonja tena. Bia ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni joto lake tu.

Na hii ndio inaniuma, kwa sababu sio siri. Lager, zile bia za kawaida kama Tusker, inachachushwa kwa ubaridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, hamira yake inafanya kazi polepole na bia inatoka safi, nyepesi, na ukiinywa ikiwa baridi inakuburudisha. Ale ni kitu kingine. Hamira yake inapenda joto, nyuzi 15 kwenda juu, na ikiwa kwa hilo joto inatoa harufu za matunda na viungo ambazo lager haina. Ukiongeza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawa unapata huo utamu wa sukari guru. Lakini harufu lazima iruke ndio pua iipate, na kwa nyuzi 3 za friji haiwezi kuruka vizuri, na ulimi nao umekufa ganzi. Waingereza, ambao wamepika hizi ale nzito za msimu wa baridi miaka na miaka, wanazinywa kwa nyuzi 12 hivi. Sasa mtu amekaanga kimea, amesubiri wiki kadhaa bia ikomae, halafu sisi tunaua kazi yake yote kwa dakika moja na glasi ya friza!

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hapa Kenya tulikuwa na jibu zamani sana. Ingia baa yoyote ya mtaa, iwe Dagoretti, iwe Kayole, kitu cha kwanza unaulizwa ni ya moto, yaani haijaingia friji, ama baridi? Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaagiza mbili kwa mpigo, moja ya moto moja ya baridi, anachanganya kwa glasi mpaka apate vile anataka. Vijana wa siku hizi wanaona bia ya moto ni mambo ya wazee wa kijijini, na hizi baa mpya za krafti hata hawaulizi, kila kitu friji. Mimi nasema wazee walikuwa sawa, na kwa hii bia hasa walikuwa sawa zaidi ya sisi wote.

Kitu kingine. Hii desturi ya kupika bia ya msimu ina raha yake. Kule San Francisco, kiwanda cha bia cha Anchor walianza kutoa bia yao ya Krismasi 1975, kila mwaka mapishi tofauti na mti tofauti kwa lebo, watu wakawa wanaingoja, wengine wanaweka chupa za miaka ya nyuma, mpaka kiwanda kikafungwa 2023. Sisi pia tunaweza kuwa na kitu cha kungojea Julai. Lakini basi iwe yetu. Hii niliyokunywa ilikuwa na ganda la chungwa na mdalasini, mapishi ya Krismasi ya Ulaya, na mwishoni utamu wake unakaa kwa ulimi mpaka unachoka, chupa moja watu wawili inatosha. Kwa nini isiwe tangawizi, ambayo ingekata huo utamu? Kwa nini isiwe iliki? Wimbi uliooteshwa ukawa kimea tunaujua tangu busaa, ile pombe ya kienyeji, asali iko Baringo iko Kitui, na muratina, pombe ya Wakikuyu, imechachushwa na asali na lile tunda lake kavu tangu babu zetu. Shayiri yenyewe inalimwa Narok na Timau. Hakuna kitu hapo cha kuagiza kwa meli isipokuwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu.

Nilimwambia hivyo dada anayepika hiyo bia, alikuwa amekaa kaunta na gambuti zake bado ziko miguuni. Akanisikiliza vizuri. Akasema wimbi ashawahi kujaribu, hauna ganda kama shayiri kwa hivyo unashikana kama uji na bia haichujiki, inabidi uweke kidogo tu. Tangawizi akaiandika kwa simu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi, manyunyu bado. Weita yule yule. Nikamuuliza kama kuna chupa ambayo haijaingia friji.

"Unataka ya moto?"

"Ya moto, na glasi ya kawaida."

Akaenda stoo nyuma, akatoa moja kwa kreti.