Heri viti 12,000 nyumbani

Kuna maneno yamenichosha, na wiki hii nimeyasikia tena kwenye sherehe ya Wakenya wenzangu hapa Chicago: eti Northwestern, chuo chenye pesa zote zile, kilijiaibisha kwa kuchezesha timu yake ya futiboli ya Kimarekani misimu miwili kwenye "kiwanja cha shule ya upili". Aliyesema ni mzee wa rika la baba yangu, mtu ninayemheshimu sana, kwa hiyo pale mezani nilinyamaza. Hapa sinyamazi.

Ryan Field ya zamani, uwanja wa chuo hicho pale Evanston, kaskazini mwa Chicago, iliyojengwa 1926 na kuchukua watu zaidi ya 47,000, ilibomolewa mwanzoni mwa 2024 ili uwanja mwingine ujengwe palepale. Timu ikabaki bila nyumba. Njia rahisi ilikuwa kukodi kwa watu mpaka ujenzi uishe. Badala yake chuo kikaenda kwenye ufuo wa Ziwa Michigan, ndani ya eneo lake chenyewe, kwenye kiwanja cha soka na lakrosi, ule mchezo wa fimbo zenye wavu. Wakasimamisha majukwaa ya vyuma, viti kama 12,000 hivi, na Agosti 31, 2024 wakaifunga timu ya chuo cha Miami cha Ohio 13-6 hapohapo. Nao wanaokiita cha shule ya upili wajue kwamba hicho ndicho kiwanja cha wasichana wa lakrosi wa Northwestern, waliochukua ubingwa wa taifa wa nane mwaka 2023. Hakikuwa shamba la mtu.

Sasa niambieni, Mkenya gani haelewi uzito wa uamuzi huo? Mwaka huohuo, Juni 2024, timu yetu ya taifa ya soka, Harambee Stars, "waliwakaribisha" Burundi na Ivory Coast jijini Lilongwe, Malawi, kwa sababu hatukuwa na uwanja hata mmoja uliokubaliwa. Septemba na Oktoba tukahamia Kampala kuwapokea Zimbabwe na Cameroon. Mdogo wangu yuko Nairobi, ana jezi, ana nauli, ana sauti, na mechi za nyumbani za timu yake alizitazama kwenye simu. Gabon walipokuja Nyayo Machi 2025 tulifungwa 2-1, na aliniambia hajutii hata shilingi moja ya tiketi. Timu isiyo na kwao humpokonya shabiki kazi yake. Ndiyo maana mtu akidharau kiwanja kidogo kilichojengwa ili timu isitoke nyumbani, nasikia uchungu.

Nami nimekaa kwenye majukwaa yale. Nilienda kuangalia mechi na UCLA, chuo cha Los Angeles, Septemba 2025, tukashinda 17-14, na siku hiyo ndiyo nilielewa mchezo huu kwa mara ya kwanza. Kwenye runinga unaona watu wakigongana na kulala chini. Pale, ukiwa safu za mbele, unasikia. Unasikia pedi za mabega zikikutana, mlio mkavu, halafu pumzi ya mtu wa kilo 140 ikimtoka. Unamsikia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, akiita mchezo, anabadilisha maneno dakika ya mwisho, na beki wa upande wa pili anawapigia wenzake kelele wasogee kushoto. Mpira ukikaribia kupigwa kuanzisha mchezo, wanafunzi wanatoa funguo mifukoni na kuzitikisa, desturi yao ya miaka mingi. Katika uwanja wa watu 47,000 huo ni mchakacho wa mbali, lakini pale ulinijaa masikioni. Watu wakikanyaga kwa miguu, chuma kinatetemeka chini yako hadi unakishika kiti. Na upepo! Unatoka ziwani bila kuuliza mtu, unaubeba mpira uliopigwa juu, na unamwona mpokeaji akirudi hatua mbili, anasogea kulia, anasita, macho yote juu. Mama mmoja kando yangu alikuwa akimwita kila mchezaji kwa jina la kwanza, na wawili waligeuka wakamtazama. Nikamwuliza kama ni wanawe. Akasema hapana, lakini sasa wananijua.

Hilo la kujulikana ndilo ninalolitetea. Northwestern ina wanafunzi wa shahada ya kwanza elfu nane na ushee, wachache kuliko chuo kingine chochote cha Big Ten, ligi ya vyuo tunayochezea. Kila aliyewahi kwenda Ryan Field anajua kilichokuwa kikitokea Ohio State au Nebraska wakija: nusu ya uwanja au zaidi inakuwa nyekundu, rangi ya wageni, na vijana wetu wa zambarau wanapigiwa kelele wakiwa kwao. Kiwanja cha ziwani kililingana na watu waliopo.

Ndiyo maana nilikasirika chuo kiliposhindwa kusimama na uamuzi wake. Mechi kubwa za mwisho wa msimu zilipelekwa Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa 1914 hapa Chicago ambao mwaka 2010, Northwestern na Illinois walipocheza pale, timu zote mbili zililazimika kushambulia upande mmoja tu kwa sababu ukuta wa matofali ulikuwa umekaribia mno mwisho wa eneo la kufungia. Novemba 2024 Ohio State waliletwa hapo, Wrigley ikajaa wekundu, tukala 31-7. Wale walikuwa mabingwa wa taifa miezi miwili baadaye, labda wangetufunga popote. Lakini nilitaka waje ufuoni, wavumilie ule upepo, wapewe tiketi chache za wageni na wasikie funguo zetu.

Haya, yapo ya kukubali. Viti 12,000 maana yake kuna watu walioipenda timu hii miaka arobaini wakakosa nafasi, na hilo ni kosa kubwa ambalo mapenzi yangu hayalifuti. Mvua ikinyesha hakuna pa kujificha. Foleni za vyoo ni ndefu. Ni kweli yote.

Ila msiniambie kwamba kucheza kando ya ziwa ni aibu kwa timu hii. Mwaka 1982, walipokatisha mkosi wa kufungwa mechi 34 mfululizo kwa kuifunga Northern Illinois 31-6, mashabiki waling'oa milingoti ya magoli, wakaibeba mitaani na kwenda kuitupa ndani ya Ziwa Michigan. Ziwa hilo liko ndani ya historia yao kuliko jengo lolote.

Uwanja mpya, wa viti 35,000, unatarajiwa kufunguliwa 2026. Nimefurahi kwamba wamepunguza viti badala ya kuongeza, na nitaenda. Ombi langu ni moja: kila msimu, mechi ya mwanzo dhidi ya timu ndogo, ile ambayo kwenye uwanja mkubwa huacha safu nzima tupu, irudishwe ufuoni. Msimu wa 2025 mechi ya mwisho pale ilikuwa dhidi ya Purdue, mwezi Oktoba, na tulishinda 19-0. Majukwaa ya vyuma yanafungwa na kufunguliwa, walishaonyesha kwamba wanaweza. Nusu ya tiketi wapewe wanafunzi, zinazobaki wauziwe kwanza wale waliokosa nafasi misimu hii miwili.