Usiguse Maji ya Ziwa

Ukoo wetu una madaktari wengi kuliko hospitali ya Bugando, ila hakuna hata mmoja aliyesomea. Wote wamefuzu kwenye grupu la WhatsApp. Asubuhi hujapiga hata mswaki, shangazi wa Sengerema keshatupia voisi ndefu: maji ya bamia yanasafisha figo, ini, damu na mikosi. Juu yake pameandikwa kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Kwa shangazi hicho ndicho kipimo cha maabara. Kitu kimezunguka nchi nzima, kitakosaje kuwa kweli?

Bingwa wao ni shemeji yangu. Ana kibanda cha kuuza vocha Pasiansi, kwa hiyo bando si tatizo, na Mungu akunusuru na mtu mwenye bando lisiloisha. Ukimwambia kichwa kinauma, anakuuliza upande gani, anabonyeza, anasoma kimyakimya, halafu anakutazama kwa huruma. Mama mkwe alimlalamikia kiungulia tu, akaambiwa ni moyo huo. Mama wa watu akaanza kugawa vitenge.

Mimi ni fundi mitumbwi, Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza. Maji ya ziwa nayakanyaga tangu nina meno ya utoto. Sasa tumbo likaanza vituko: kuharisha kunakuja na kuondoka, siku nyingine damu imo, na mwili umelegea hata randa naisukuma kwa kuombea. Nikasema sitaki bamia, sitaki shemeji, simu ninayo, natafuta mwenyewe.

Nikaandika kwa Kiswahili. Loo! Kiswahili kwenye simu ni gulio. Ukurasa unaanza vizuri, maelezo mistari miwili, halafu namba ya simu, unga wa mizizi na "mikoani tunatuma". Unga huohuo unatibu tumbo, kisukari, nguvu za kiume na kesi ya kiwanja. Bei haitajwi, unaitwa inboksi ukaisikie ukiwa umekaa.

Penye kichocho, ule ugonjwa wa minyoo unaowapata wakanyaga maji kama mimi, nikakuta wamekazania kukojoa damu, basi. Jamani! Vichocho viko viwili. Kile cha mkojo, konokono anayekibeba hupenda madimbwi na vijito vya huko bara, mbali na ziwa. Cha huku kwetu ufukweni ni cha tumbo. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yanakwama kwenye ini, na ukiachia miaka mingi tumbo linavimba na mtu anatapika damu. Anayekaa Igombe akisubiri mkojo uwe mwekundu ndipo aende zahanati, atasubiri sana.

Nikamwita binti yangu wa kidato cha pili aniandikie kwa Kiingereza. Huko hakuna mizizi, mambo safi, yamepangwa kitaalamu. Tatizo yameandikiwa watalii. Binti anatafsiri, mimi nasikiliza: epuka kuogelea au kutembea ndani ya maji ya maziwa na mito ya Afrika. Ukiyagusa kwa bahati mbaya, jikaushe haraka na taulo kwa nguvu.

Kwa bahati mbaya! Mimi bahati mbaya hiyo ndiyo inayonilipia ada. Nikienda kwa tajiri wa mtumbwi nimwambie nini, niletewe chombo chako mlimani?

Binti akaendelea: maji ya kuogea yachemshwe dakika moja, au yakae kwenye tangi siku moja hadi mbili ili vijidudu vife. Hapo nikamsimamisha. Kumbe maji ya ziwa ukiyachota na kuyaacha yatulie kwenye pipa hadi keshokutwa, vile vijidudu vinavyopenya ngozi vinakufa vyenyewe? Bila kuni, bila mkaa? Na pipa tunalo, linakaa tupu nyuma ya nyumba na kuku wanatagia humo! Mzungu anayekuja wiki mbili kupiga picha Jiwe la Bismarck anaijua habari hiyo kabla hajapanda ndege, mimi ninayeoga hapa kila jioni naambiwa bamia.

Mwisho kabisa wakashauri: ukirudi nyumbani, mwone daktari wako. Nirudi nyumbani wapi? Nyumbani ndiyo hapohapo palipokatazwa.

Nikaenda zahanati. Nikapewa kikopo, mambo ya kubeba choo kwenye kiberiti yameisha. Kijana wa maabara ana roho nzuri, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Nikaona kitu cha mviringo mrefu, rangi ya asali, kina mwiba ubavuni. "Mzee, hilo ni yai la kichocho cha tumbo. Ule mwiba ndio unatuambia." Adui yangu kumbe ana kitambulisho.

Wakanipima uzito, maana dawa yake, praziquantel, inatolewa miligramu 40 kwa kila kilo, wakaniambia nile kwanza ugali nishibe. Vidonge vikubwa, vichungu kama nini. Tena dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaweza kubaki, na nikirudi majini naanza kuokota mingine. Nikauliza, haya yote mmeyaandika wapi? Kijana akanionyesha bango. Zuri, la Kiswahili, lina picha na konokono wake. Liko nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi halionekani, na mlango haufungwi kwa sababu ya joto. Akaniongezea: piga 199, Wizara ya Afya, ni bure. Ningeijua mapema nisingemaliza bando la mtoto.

Usiku nikaandika yote kwenye grupu, kwa Kiswahili cha kawaida: yai, mwiba, pipa la siku mbili, vidonge, 199. Muda mrefu kimya. Halafu shangazi akajibu, "Amina." Shemeji akauliza kama vidonge hivyo vinaweza kumezwa na maji ya bamia.