Kabla hujaitupa hiyo bodi ya zamani

Kuna video nimeitazama imenichefua kweli kweli. Jamaa anafungua padi ya NES, ile konsoli ya zamani ya michezo ya video ya Nintendo, anang'oa bodi yake, yaani kile kibao cha ndani chenye chipu, anaitupa kwenye ndoo ya taka bila hata kuiangalia mara mbili, anapachika bodi mpya ya Bluetooth, anakaza skrubu, halafu anatutangazia eti ameifufua. Ameifufua! Na hakuna sehemu yoyote ya video ameonyesha kwamba ilikuwa imekufa.

Tuelewane, sina ugomvi na bodi za kubadilisha. Kampuni ya 8BitDo inauza seti za bodi hizo kwa padi za NES na za konsoli nyingine za zamani, SNES, Mega Drive, hadi N64, na wala huhitaji kulehemu. Safi. Ninachokataa ni huu mtindo wa kuanza na bodi wakati bodi ndo kitu imara kuliko vyote humo ndani.

Hebu fungua hiyo ya NES uone kuna nini cha kuharibika. Chipu ya 4021 na rizista kadhaa, basi. Konsoli inatuma ishara, chipu inashika hali ya vitufe vyote nane kwa mpigo, kisha inazitema moja moja kwenye waya: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Nyaya tano zinatosha kazi yote. Na chipu ya aina hiyo bado inatengenezwa mpaka leo, ikifa unalehemu nyingine, fundi yeyote wa redio anaweza.

Kinachokufa ni raba, au niseme kinachochafuka, maana mara nyingi hata haijafa. Chini ya kila kitufe kuna kidonge cheusi cha kaboni kinachogusa bodi, kikishika mafuta ya vidole na masalia ya soda iliyomwagika enzi hizo basi kitufe kinakuwa kigumu kusikia, unabonyeza mpaka kucha inauma. Juzi nimefungua moja ya SNES iliyohukumiwa kifo kwa sababu B haifanyi kazi, na pale chini ya B kulikuwa na utando wa kahawia unanata kama gundi. Pamba na spiriti, ikakauka, B ikarudi. Ila jamani msitumie msasa, ule weusi kwenye bodi ndo mguso wenyewe, ukiukwangua unabaki na shaba tupu inayopata kutu. Raba ikiwa imechoka kabisa, nunua raba. Waya ukikatika, na hukatika zaidi pale unapoingilia padi, pima na mita ya umeme kisha badilisha waya.

Halafu betri. Hapa ndo huwa wananiudhi kabisa. Padi iliyotoka 1985 inafanya kazi leo kwa sababu haina betri ndani, haina programu ya kusasisha, haisubiri kuunganishwa na chochote. Unaiwekea betri ya lithiamu ambayo siku moja itavimba ndani ya plastiki ambayo haitatengenezwa tena, halafu unaita hiyo kuhifadhi historia? Haya bwana.

Sawa, nakubali, kukaa kwenye kochi bila waya kutega watu miguu ni raha, sitabisha. Na stiki ya N64, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, sina la kuitetea, plastiki inasagana yenyewe mpaka inatoa unga mweupe na stiki inalegea, hiyo badilisha tu na roho kunjufu. Bluetooth inachelewesha kidogo mchezo kuitika kitufe, wengi hawaoni tofauti, mimi naiona, tuishie hapo.

Ila kama ni lazima uweke mpya, itoe ya zamani na waya wake mzima, usiukate, itie kwenye kimfuko uandike ni ya padi gani. Kuna mtu mahali ana padi nzima isipokuwa waya, na anautafuta huo huo. Hutaki kuitunza? Nitumie mimi, nauli ya mzigo nalipa.