Jiwe linaitwa Nyanza: nani ana haki ya kutoa majina huko juu?

Kuna jiwe linazunguka jua katikati ya Mirihi na Mshtarii linaitwa Nyanza, namba yake ni 1356 na upana wake ni kama kilomita 63, yaani ungelilaza hapa lingeanzia Mwanza mjini likaishia karibu na Magu. Watu wa huku kandokando ya ziwa tukisikia hivyo kwanza tunafurahi, halafu swali linafuata, nani kaliita hivyo na alimuuliza nani?

Aliyeligundua ni Cyril Jackson, alikuwa anafanya kazi Johannesburg, mwaka 1935, na jina alilipa la jimbo la Nyanza la Kenya. Huyu bwana ndo kaipeleka Afrika Mashariki kule juu karibu yote: Kenya, Uganda, Mombasa, Pemba, Ruvuma, hizo zote ni asteroidi, yaani mawe ya angani kama hilo, alizogundua yeye miaka ya 1930. Ndo hapo ubishi unapoanzia, kuna wanaosema huu ni ukoloni uleule umehamia angani, na kuna wanaosema aliyekesha na darubini ndo mwenye haki yake.

Tuanze na utaratibu wenyewe maana wengi wanabishana bila kuujua. Jiwe likionekana mara ya kwanza halipewi jina, linapewa kitu kama pleti namba. Nyanza ilianza kama 1935 JH: mwaka unauona, J ni nusu ya kwanza ya mwezi wa tano (herufi I inarukwa), na H ni kwamba lilikuwa la 8 kuandikishwa katika hizo wiki mbili. Baadaye njia yake ikishajulikana vizuri, kwamba hata mwakani ukilitafuta utalikuta pale walipokokotoa, ndo linapata namba ya kudumu, na tangu siku hiyo mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina. Kamati ya umoja wa kimataifa wa wanaastronomia inalipitia: lisizidi herufi 16, litamkike, lisimtukane mtu, lisifanane na lililopo, lisiwe tangazo la biashara. Zilizo na namba leo zimepita laki nane, zenye majina hata 30,000 hazifiki, kwa hiyo nafasi bado ni bwerere.

Sasa upande wa wanaoutetea utaratibu huu, wana hoja nzito jamani. Bila sheria majina yangeuzwa. Na yaliwahi kuuzwa kweli, mwaka 1885 Johann Palisa wa Vienna alitangaza kwamba mwenye pauni 50 atapewa haki ya kuita asteroidi moja, alikuwa anatafuta nauli ya kwenda kuangalia kupatwa kwa jua, na tajiri mmoja wa ukoo wa Rothschild akalipa akaweka jina la mke wake, ndo hiyo 250 Bettina mpaka leo. Siku hizi haiuzwi, na wale wanaokuuzia cheti cha nyota mtandaoni wanakula hela yako bure, hakuna kamati inayowatambua.

Ila wanaolalamika nao usiwapuuze. Mwaka 1850 John Russell Hind wa London aligundua asteroidi akaiita Victoria, baadhi ya wanaastronomia wa Marekani wakagoma kabisa kwa sababu desturi ilikuwa majina ya miungu ya hadithi za kale, siyo malkia aliye hai, wao wakawa wanaiita Clio. Hind akajitetea kwamba ni mungu wa ushindi wa Warumi na jina likabaki. Miaka 8 baadaye Speke, mpelelezi wa Kiingereza, akafika huku kwetu Mwanza, akaliona ziwa, akaliita Victoria, na hapa hakuna aliyepewa nafasi ya kugoma, wakati wenyeji walikuwa na majina yao, Nyanza, Nalubaale, Nam Lolwe. Yaani jiwe lilijadiliwa kuliko ziwa lenye watu! Na huko juu jina likishapita ni nadra sana kubadilishwa, Rhodesia kama nchi haipo tangu 1980 lakini asteroidi 1197 inaitwa Rhodesia hadi kesho.

Kuna sheria nyingine inauma zaidi, mwanasiasa au mwanajeshi lazima awe amefariki miaka 100 nyuma. Mwalimu Nyerere maana yake ni mpaka 2099. Inaniuma, ila naikubali, kwa sababu ingelegezwa leo kila rais aliye madarakani angetaka jiwe lake na wapambe wa kumpigania hawakosekani.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Haki ya mgunduzi ibaki, kasoro kubwa ni kwamba wagunduzi hawatoki huku. Na hili linarekebishika. Kuna mradi wa IASC, ushirika wa kimataifa wa kutafuta asteroidi, unaotoa bure kwa shule picha za darubini ya Pan-STARRS ya Hawaii, wanafunzi wanazifungua kwenye kompyuta ya Windows, wanapitisha picha moja baada ya nyingine wakitafuta kidoti kinachosogea wakati nyota zimetulia. Kompyuta moja na intaneti vinatosha kuanza, na sekondari zenye hivyo vitu zipo Nyamagana na Ilemela. Watanzania tukipewa nafasi tunajua kuchagua, 2019 dunia ilipogawiwa nyota za mbali kila nchi na yake, yetu tukaiita Mpingo na sayari yake Tanzanite. Walimu wa fizikia wa huku waanzishe hizo timu, na majina yapo tele, Ukerewe herufi 7, Saanane herufi 7, yote yanapita kwenye kamati bila shida.