Numbati ana nembo, jongoo bahari ana katazo tu

Nilizaliwa Chamwino, mkoani Dodoma, mamia ya kilomita kutoka baharini, na huu ni mwaka wangu wa tisa kuishi Perth, magharibi mwa Australia. Huku nimempenda numbati, mnyama mdogo wa kundi la kangaruu (ingawa jike wake hana mfuko), asiyefikia kilo moja, mwenye mistari mgongoni, ambaye kwa siku moja anaweza kula mchwa wapatao 20,000. Nilipomwona katika msitu wa Dryandra mchana kweupe, akinusa gogo lililoliwa na mchwa, nilikumbuka vichuguu vya Ugogo. Porini wanakadiriwa kubaki wakubwa wasiofika 1,000, hasa kwa sababu ya mbweha na paka walioletwa kutoka Ulaya. Lakini tangu mwaka 1973 yeye ndiye mnyama wa nembo ya jimbo hili, na serikali hutawanya chambo chenye sumu ili kuwapunguza mbweha hao.

Jongoo bahari wetu, mnyama laini wa baharini mwenye umbo la tango, yule anayejizika mchangani, aliorodheshwa kimataifa mwaka 2013 kuwa yuko hatarini kutoweka. Huyu hamalizwi na mbweha, anamalizwa na bei, kwani akishachemshwa na kukaushwa husafirishwa hadi China. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2003, hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Dume na jike hawakutani kimwili, bali humwaga mbegu na mayai majini. Kwa hiyo wakibaki wachache walio mbalimbali, mayai hupotea bila kurutubishwa ingawa wazazi wangali hai. Numbati humtafuta mwenzake kwa harufu hata mbali. Jongoo hana mwendo huo.

Ninachosikitikia ni kwamba ulinzi wetu uliegemea katazo, na mzigo ukamwangukia mvuvi na mwanamke anayeokota pwani maji yakipwa, ilhali gharama ya numbati inabebwa na jimbo zima. Sheria za uvuvi za Bara hupitishwa Dodoma, katikati ya watu ambao, kama nilivyokuwa mimi, hawajawahi kumwona jongoo akimeza mchanga na kuurudisha ukiwa umesafishwa, kazi inayoyafaa majani ya bahari ambamo samaki wachanga hukulia. Naomba picha yake ibandikwe katika madarasa ya Chamwino na Kondoa kando ya ile ya twiga, na riziki ya hao waokotaji ijadiliwe bungeni siku ileile inapojadiliwa bajeti ya uvuvi.