Udungaji wa vitegemezi: mbinu ni moja, mtambo ni mwingine

Klasi ya malipo, yaani kipande cha programu kinachoshughulikia malipo, ikijiundia yenyewe muunganisho wa hifadhidata, saa na kitumaji cha barua pepe, huwezi kuijaribu bila kuviwasha vyote vitatu. Udungaji wa vitegemezi (dependency injection) unageuza utaratibu huo: klasi haijitafutii chochote, inapewa inachohitaji, yaani vitegemezi vyake, kupitia konstrakta, sehemu ya msimbo inayoiunda. Wakati wa majaribio unaipa saa ya bandia iliyosimama usiku wa mwisho wa mwezi, ukaona riba inavyokokotolewa bila kuusubiri usiku wenyewe.

Jina la mbinu hii lilienea kutokana na makala ya Martin Fowler, mwandishi wa masuala ya programu, ya mwaka 2004, mwaka uleule ilipotoka Spring 1.0, mfumo wenye kontena la aina hii, kwa watumiaji wa lugha ya Java. Tangu hapo vitu viwili vimekuwa vikichanganywa: mbinu ya kupitisha vitegemezi, na kontena, yaani mtambo unaoviunda na kuviunganisha kwa niaba ya mwandishi wa programu. Wanaosifu na wanaolalamika mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja.

Kuhusu mbinu, sioni hoja nzito ya kuipinga katika mradi mkubwa. Konstrakta inayodai vitegemezi kumi na viwili inamwonyesha kila anayeisoma kwamba klasi hiyo imebebeshwa kazi nyingi mno. Kero ya kuviandika vyote ni onyo, na onyo hilo lina thamani.

Kontena ndilo linaloficha kero hiyo, na hapo wakosoaji wana haki. Kitegemezi cha kumi na tatu kinaongezwa kwa mstari mmoja, hakuna anayeshtuka. Kosa ambalo kompaila, programu inayotafsiri msimbo, ingelinasa mapema huahirishwa hadi programu inapowashwa, pengine hadi ombi la kwanza la mteja. Linalonitia hofu zaidi ni la muda wa kuishi: kitu cha kudumu kikishikilia kitu kilichokusudiwa kuhudumia ombi moja tu, taarifa za mteja mmoja zinaweza kumfikia mwingine, na majaribio ya mtumiaji mmoja hayatalifichua kamwe.

Hata hivyo, kuunganisha mamia ya klasi kwa mkono nako kuna machungu yake. Faili la kuanzishia programu hurefuka, kila timu inaligusa, na migongano ya mabadiliko haiishi. Kontena pia hufunga miunganisho kwa mpangilio programu inapozimwa, kazi ambayo watu huisahau kwa urahisi. Tena, si makontena yote yanachelewesha makosa: Dagger 2, kontena la Java na Android, huzalisha msimbo wa kuunganisha wakati wa kukompaili, hivyo kitegemezi kinachokosekana husimamisha ujenzi palepale, ingawa ujenzi wenyewe huchukua muda zaidi.

Ningeanza kwa mkono, kisha nilete kontena pale faili lile linapokuwa chanzo cha ugomvi wa kila wiki. Na hata hapo, klasi zenye kanuni za biashara zisibebe alama yoyote ya kontena. Zikiweza kuundwa ndani ya jaribio kwa konstrakta pekee, kontena linaweza kubadilishwa au kuondolewa bila kuzigusa.