Jengo limesimama, hospitali imezimika

Bajeti ya hospitali ya umma ikibana, fungu la maandalizi ya maafa hukatwa mapema. Wanaolikata wana hoja nzito: mama anayevuja damu usiku huu anahitaji damu na mkunga sasa hivi, na tetemeko huenda lisije kwa miaka 50. Wanaolitetea hujibu kwa mfano wa Mexico City, Septemba 1985, tetemeko lilipoangusha jengo la Hospital Juárez na kuua wagonjwa pamoja na waliokuwa wakiwahudumia.

Pande zote mbili zina picha ya jengo linaloporomoka, na picha hiyo inaupotosha mjadala. Hospitali ya Olive View, California, ilivunjwa na tetemeko la 1971 ingali mpya, ikajengwa tena imara zaidi. Tetemeko la 1994 halikuiangusha, ila mabomba ya maji yalipasuka na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. New York mwaka 2012, wakati wa kimbunga Sandy, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, mbali kabisa na mafuriko, lakini pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini kabisa ya jengo. Maji yakazifikia, na watu wakapandisha mafuta kwa mikono kupitia ngazi. Katika vipengele 151 vya kielelezo cha kupimia usalama wa hospitali cha Shirika la Afya Duniani, toleo la 2015, ni 18 tu vinavyohusu muundo wa jengo. 93 vinahusu umeme, maji, gesi, vifaa na njia za kutokea.

Tuanze na jenereta. Kuiwasha dakika tano kila wiki bila mzigo kunaidhuru: injini haipati joto la kutosha, na dizeli isiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi. Jaribio la maana ni la kila mwezi, dakika 30, ikibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake, huku umeme wa kawaida umekatwa ili ionekane kama inapokea mzigo ndani ya sekunde 10. Madaktari wengi hupinga, nao wana sababu: kukata umeme kwa makusudi kunamweka hatarini mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Basi jaribio lipangwe saa ambayo hakuna upasuaji, na kila kitanda cha mahututi kiwe na mfuko wa kupumulisha kwa mkono na mtu wa kuushika. Jenereta ikigoma, aghalabu kosa ni betri ya kuwashia iliyochoka, na ni afadhali ligundulike siku hiyo, fundi akiwa pale pale.

Oksijeni ina ugumu wake, kwa sababu akiba yenyewe ni hatari. Mtungi mkubwa wenye lita 6,800 za gesi humtosha mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika kwa takriban saa 11. Wakiwa watano, ni saa mbili na robo. Kwa hesabu hiyo mtu hushawishika kurundika mitungi wodini. Lakini Aprili 2021, moto uliohusishwa na mlipuko wa mitungi ya oksijeni katika hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, uliua watu zaidi ya 80. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, ikipita 23.5, shuka na godoro hushika moto upesi mno. Akiba ikae nje ya wodi, penye hewa, mitungi imesimama na kufungwa kwa mnyororo kwenye theluthi mbili ya kimo chake.

Milango ya dharura nayo hufungwa kwa kufuli, kwa hofu ya wizi. Hofu hiyo si ya kubuni, lakini kufuli halikubaliki hata kidogo. Kuna vitasa vya kusukuma vinavyopiga kengele mlango ukifunguliwa. Vinamfichua mwizi bila kumfungia mgonjwa ndani ya moshi.

Hata hivyo, hatua hizi nafuu zina mpaka, na anayezipigia debe asiufiche. Wagonjwa 100 waliolazwa, kwa lita 60 za maji kila mmoja kwa siku, wanahitaji lita 18,000 kwa siku tatu. Hizo ni tani 18. Zikiwekwa juu ya paa la jengo ambalo nguzo zake za chini ni dhaifu, tetemeko likija zitachangia kuliangusha. Kwa hiyo mhandisi wa miundo atangulie tanki, na akisema nguzo hazifai, tanki likae chini kwenye msingi wake, na wodi za mahututi na chumba cha upasuaji vihamishiwe jengo jingine wakati fedha za kuimarisha nguzo zinatafutwa.